Alama za Nidhamu

Kasongo, Jumatatu, 17 Septemba 1951

Nimerudi. Treni ilitushusha Samba, pantoni ikatuvusha Lualaba, na kamyo, lori la pamba, ikatufikisha kambini jua likiwa bado juu. Sajenti Zuberi, niliyekuwa naye katika shule ya jeshi, alishuka wa kwanza, na mke wake Aziza akampokea sanduku. La kwangu nililibeba mwenyewe.

Shuleni walitufundisha kuandika ripoti kila jioni: hali ya hewa, watu, silaha, mambo yaliyotokea. Mkono umeshazoea. Sasa hakuna anayeniomba ripoti, lakini nitaandika, maana zamani mambo ya siku nilikuwa nikimsimulia Apolline, naye akinisikiliza huku akichagua mawe katika mchele.

Hali ya hewa: mawingu upande wa Kabambare, mvua bado. Silaha: bunduki safi. Watu: mimi peke yangu. Mke wangu Apolline alikufa kwa homa mwezi wa saba, huko Wamaza kwa baba yake, alikokwenda kunisubiri. Binti yetu Clémentine yuko huko hata sasa. Mambo yaliyotokea: nimefungua dirisha nikakuta kipande chake cha sabuni, kimekauka, na alama ya dole gumba lake imebaki juu yake. Sikukigusa.

19 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale.

Jumamosi, 22 Septemba

Ukaguzi. Kila Jumamosi kapiteni anapita mbele yetu akitazama viatu, vifungo, shingo na masikio. Nywele zikigusa sikio, ni adhabu.

Kwa watu wa kina Apolline, mwanaume aliyefiwa na mke hanyoi. Anangoja mpaka baba mkwe amketishe mkekani na kumnyoa kwa wembe wake mwenyewe. Hapo ndipo wamemwachilia, na hapo ndipo watoto wa marehemu wanaweza kumrudia. Jeshi halijui mkeka. Kwa hiyo tangu habari ile inifikie nimekuwa nikinyoa kichwa chote isipokuwa kipande kidogo utosini, upana wa kifuniko cha chupa. Kofia yetu nyekundu inakifunika vizuri.

Ni Zuberi tu anayekijua. Leo tulipokuwa tukinawa aliniambia, “Musafiri, uko na kisiwa kichwani. Mvua hii itaotesha muhogo.” Nilicheka. Ni kicheko changu cha kwanza katika nyumba hii, ingawa kilitokea nje ya mlango.

28 Septemba

Nimepewa ruhusa ya kwenda Wamaza. Kamyo ya pamba inaondoka kesho.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimerudi jana, nimelowa mpaka mifupani. Niandike yote.

Baba mkwe, mzee Hippolyte, alikuwa shambani akipanda mpunga. Aliniona tangu mbali na hakusimama. Nilingoja pembeni ya shamba mpaka akamaliza mstari wake, na mstari ulikuwa mrefu. Alipokuja hakunipa mkono. Alitazama shingo yangu iliyonyolewa.

“Mukwe, umekuja na kichwa cha harusi,” akasema.

Nilivua kofia, nikainama. Nikasikia kidole chake utosini, kigumu, chenye udongo. Alikizungusha pale kwenye nywele kama mtu anayepima shimo la mbegu. Kisha akanishika mkono tukaenda nyumbani.

Aliniambia binti yake alivyokufa. Siku ya mwisho Apolline aliuliza kama kamyo imepita. Waliendelea na matanga siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu yangu, kila mtu akisema askari huyu atakuja kesho. Halafu akaniuliza swali alilokuwa amelihifadhi tangu Julai.

“Habari ilikufikia?”

“Ilinifikia, baba.”

“Uliomba njia?”

“Niliomba. Walinikatalia.”

Nilimweleza. Zuberi ndiye aliyekuwa na zamu siku ile, ndiye aliyeniletea telegramu, na tulikwenda pamoja mpaka mlango wa ajida, mzungu aliyesimamia bweni letu. Nilisema mke wangu amekufa, naomba kwenda. Ajida alikuwa anakula. Alisema ameshazikwa, kwenda kwangu hakutamfufua, na nikiondoka kabla ya mtihani mafunzo yote yamepotea, nitangoja miaka mingine kurudi. Akafunga mlango. Nilisimama pale mpaka Zuberi akanivuta mkono.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kama niliomba, basi deni si langu, ni la wazungu, na wazungu hawalipi. Akasema atakuja Kasongo kuninyoa, lakini akauliza mtoto nitamweka wapi. Hilo nalo analijua. Mwisho wa Novemba, askari asiye na mke anatoka nyumba za wenye ndoa na kwenda bweni la wanaume, na huko mtoto haingii. Ila nikipandishwa kuwa sajenti meja, nitapewa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, niwe na mke au nisiwe naye. Aziza ameshaahidi kumwangalia Clémentine mchana, nikiwa kazini.

“Basi pata hiyo tepe,” alisema mzee, “na mimi nitaleta mutoto na wembe.”

Clémentine amerefuka. Hakunikimbilia. Alinitazama kutoka nyuma ya shangazi zake, kisha akaleta maji ya kunawa kama mgeni anavyoletewa. Jioni walipakua wali. Yeye alikwangua sufuria, akaweka ukoko wote katika sahani ndogo, akampelekea babu yake kwa mikono miwili. Nilimuuliza nani amemfundisha. Akasema, “Mama. Alisema ukoko ni wa mwenye nyumba.”

Ndivyo Apolline alivyofanya kwetu. Alijua ninaupenda ule uliokaribia kuungua. Nilipochelewa katika zamu aliufunga kwa jani na kuuweka juu ya dari, mbali na paka.

Njiani kurudi, kamyo ilikwama mara nyingi. Nilisukuma pamoja na wengine na sikuchoka. Nilikuwa nawaza nyumba ya matofali.

11 Oktoba

Mvua.

14 Oktoba

Mvua. Aziza ameniletea pondu, majani ya muhogo. Aliweka chungu na kuondoka.

Jumamosi, 20 Oktoba

Baada ya ukaguzi kapiteni alituita mimi na Zuberi ofisini. Matokeo ya shule yamefika. Nimekuwa wa kwanza. Wa pili ni mtu wa kambi nyingine. Zuberi ni wa tatu.

Kapiteni alieleza kwamba nafasi ya sajenti meja hapa Kasongo ni moja. Alisema zamani kapiteni alimpandisha aliyempenda, lakini sasa anayepandishwa ni yule ambaye shule imemweka mbele. Sisi sote ni askari wazuri, na tofauti yetu ni alama chache. Jina langu limekwenda kwa wakubwa. Tepe itafika mwanzo wa Desemba.

Kapiteni huyu si mtu mbaya. Alinipa mkono. Nilitoka nikiwa mwepesi kama niliyevua gunia.

Tulitembea na Zuberi mpaka kwenye bendera. Kisha akasema, “Nitakupigia saluti, Musafiri. Lakini si kwa haraka.” Tukacheka wote wawili. Ana watoto wanne katika chumba kimoja. Nililikumbuka hilo baadaye, wakati wa kulala.

25 Oktoba

Nimepita mbele ya nyumba ya matofali. Iko tupu. Mlango wake umepakwa rangi ya kijani. Kuna mahali pazuri pa kupikia nyuma, pana paa.

2 Novemba, Marehemu Wote

Misa ya wafu. Nilimtaja.

4 Novemba

Dereva wa kamyo ameleta salamu za mzee Hippolyte. Atakuja kwa gwaride la tarehe kumi na moja, aone askari wanavyotembea, na baada ya hapo atandike mkeka. Nimenunua mkeka mpya.

Jumapili, 11 Novemba, jioni

Sijui nianzie wapi. Nianze na hali ya hewa, kama shuleni. Asubuhi ilikuwa kavu.

Leo ni siku ya kukumbuka vita vya wazungu. Mji wote ulikuja uwanjani: wafanyabiashara na kanzu zao, masista, watoto wa shule, wake wetu wa kambi. Mzee Hippolyte alisimama mbele kabisa, amevaa koti aliloozeshea binti yake. Wembe wake ulikuwa mfukoni katika kitambaa. Nilijua kwa jinsi alivyoweka mkono pale. Alimwacha Clémentine Wamaza kwa sababu ya matope, lakini alisema amekwisha kufunga nguo zake.

Baada ya tarumbeta kapiteni alipanda jukwaani. Alizungumza Kiswahili chake cha jeshi, na sauti yake ni kubwa. Aliniita mbele ya wote.

“Huyu ni wa kwanza kwa shule,” akasema. “Kwa bunduki, yeye na Sajenti Zuberi wako sawa. Kwa ramani wako sawa. Kwa kuamuru watu, Zuberi iko mbele kidogo. Sasa nini ilimuweka Musafiri mbele? Nidhamu. Bibi yake alikufa. Habari ilimufikia mbele ya mtihani. Hakuomba konje, hakuomba ruhusa, hata siku moja. Alinyamaza, akafanya kazi. Shule ilimupa alama zote za nidhamu, kumi juu ya kumi. Askari, mumuangalie huyu mutu.”

Wakaniangalia. Wazungu walipiga makofi, na watu wengine wakafuata. Nilikuwa nimesimama wima, mikono kwenye mshono wa suruali, macho mbele, kama tunavyofundisha wapya. Mbele ya macho yangu alikuwa mzee Hippolyte. Mkono wake ulitoka polepole mfukoni, ukiwa mtupu.

Mvua ilianza tukiwa tunatawanyika. Nilimkuta chini ya varanda ya ofisi. Hakupandisha sauti.

“Uliomba ao haukuomba?”

“Niliomba, baba. Naapa.”

“Ule muzungu anasema haukuomba. Amesema mbele ya mji muzima, na weye umesimama kama muti.”

“Ni ajida wa kule aliyeandika vile, baba. Kapiteni hajui.”

“Sasa ajue. Yeye iko mule ndani. Ingia umuambie, mimi niko hapa nasikia. Ukisema, natandika mukeka leo hii.”

Niliingia. Mlango nyuma yangu ulikuwa wazi na mzee alikuwa akionekana. Kapiteni alikuwa akijikausha nywele kwa taulo, amefurahi. Akauliza, “Sajenti, iko neno?”

Naandika ninachokumbuka. Nilimkumbuka Clémentine, na mlango wa kijani. Nilijua kwamba nikisema niliomba, zile alama zitarudi shuleni, na bila zile alama wa mbele ni Zuberi. Nilijua pia kwamba nisiposema, mzee atakwenda na wembe wake. Mtoto bila nyumba, nyumba bila mtoto. Nilitafuta neno la tatu na halikuwepo. Kapiteni alingoja, bado anatabasamu, kisha akasema ananielewa, huzuni ni kitu kizito, akanigonga bega na kunipeleka mpaka mlangoni.

Mzee alikuwa ameshashuka ngazi. Alikuwa akitembea katika mvua na koti lake la harusi.

12 Novemba

Amerudi Wamaza. Hakuniaga.

13 Novemba

Kumi juu ya kumi. Nimejaribu kuhesabu alama hizo zilikuwa za nini. Za homa yake ngapi, za kuulizia kamyo ngapi. Shule hupima kila kitu.

14 Novemba

Askari wapya wananipigia saluti wakinitazama kwa hofu. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba mimi ndiye yule aliyekataa kumlilia mke wake. Walikuwa wananisifu.

Alhamisi, 15 Novemba

Zuberi alikuja kukaa kwenye kizingiti changu. Aliuliza nitafanya nini. Akasema yeye alikuwepo pale mlangoni kwa ajida, alisikia kila neno, na yuko tayari kusema.

Nilimshika mkono kwa furaha. Nilimwomba apande kamyo aende Wamaza akamwambie mzee.

“Muzee hatanisadiki,” akasema. “Mimi ni rafiki yako, nitasema vile unataka. Yeye alisikia kwa kinywa cha muzungu. Dawa yake ni kusikia tena kwa kinywa cha muzungu. Lazima niende kwa kapiteni.”

Hapo nilimwachia mkono. Nilisema, “Ukienda kwa kapiteni, tepe inakuja kwako.”

“Najua.”

“Na nyumba.”

“Najua, Musafiri. Ungesema weye mwenyewe siku ile, ingekuja kwangu vilevile.” Alikuwa akikwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti, hakunitazama. “Basi niambie nisiende. Sema tu, nitanyamaza mupaka kufa.”

Tulikaa. Aziza alikuwa akiwaita watoto wake upande ule. Nilitaka aende na nilitaka asiende. Nilinyamaza, na baada ya muda akasimama, akatupa kijiti, akaenda zake. Sikujua kama anakwenda kwake au ofisini.

16 Novemba

Ofisini.

Jumanne, 27 Novemba

Jibu la shule limefika. Ajida amekubali kwamba “sajenti alizungumza naye mlangoni,” lakini si kwa utaratibu unaotakiwa, ndiyo maana hakuandika. Alama zangu za nidhamu zimepunguzwa. Nimekuwa wa nne.

Kapiteni aliniita peke yangu. Hakukasirika kwa sababu niliomba ruhusa. Alisema kila mtu angeomba. Alikasirika kwa sababu nilisimama mbele ya bendera nikapokea sifa isiyo yangu, kisha nikaingia ofisini kwake nikanyamaza. Nilitaka kumwambia kwamba kunyamaza ndiko kulikonipa zile alama kumi. Sikusema. Hata hapo nilikuwa na nidhamu.

Nilimwomba kitu kimoja: awaambie watu wa Wamaza kwamba niliomba. Alikubali. Aliwaita dereva wa kamyo na karani, akasema kwa kinywa chake, ili dereva abebe ujumbe. Kwa hilo ninamshukuru.

30 Novemba

Nimehamia bwenini. Kitanda karibu na mlango. Sabuni ya Apolline nimeifunga katika kitambaa, iko sandukuni. Kwa mvua hizi italainika, na dole gumba litafutika.

Jumamosi, 1 Desemba

Zuberi amevishwa tepe. Alisimama wima, macho mbele. Nilipita nikampigia saluti nikiwa wa kwanza, ili wengine wasingoje kuona nitafanya nini. Ameingia nyumba ya mlango wa kijani leo hiihii. Watoto wake walibeba vyungu, na Aziza alipita akilia. Sijui alikuwa akinililia mimi au anafurahi. Labda vyote.

Ni rafiki yangu aliyesema kweli kwa ajili yangu. Ni mtu mwenye watoto wanne katika chumba kimoja aliyejipatia vyumba viwili. Kila nikimtazama nawaona wote wawili, na wana uso mmoja. Pengine hata yeye mwenyewe hawezi kuwatenganisha.

Jumapili, 9 Desemba

Mzee Hippolyte amekuja na Clémentine. Alitandika mkeka nyuma ya bweni, maana mahali pengine sina. Niliketi, nikavua kofia. Alininyoa kile kipande, akamwaga maji juu yake, akasema jina la Apolline, akasema nimeachiliwa. Nywele aliziweka katika jani azipeleke kaburini. Zilikuwa kidogo sana.

Halafu akasema nimchukue mtoto wangu. Clémentine alikuwa amesimama na kifurushi chake cha nguo, akitazama vitanda vya wanaume kupitia mlango.

Mzee aliona yote. Alisema basi atamrudisha Wamaza, nami nitakuwa nikipanda kamyo. Hapo ndipo Zuberi na Aziza walipokuja. Walikuwa wakitungoja pembeni mpaka kunyoa kuishe. Zuberi alizungumza na mzee kwa heshima, amevua kofia. Alisema nyumba yake ina vyumba viwili, Aziza atampokea mtoto kama wa kwake, na mimi nitakuwa nikimwona kila siku, ni uwanja tu wa kuvuka.

Mzee alinigeukia. “Unakubali?”

Safari hii nilisema. Nilisema ndiyo, kwa sauti.

12 Desemba

Kutoka bwenini naona mlango wa kijani. Asubuhi Clémentine anafagia. Anafagia kama mama yake, akirudi kinyumenyume.

14 Desemba

Mvua. Aliniuliza kwa nini ninampigia baba Zuberi saluti. Nikamwambia ni mkubwa wangu. Akafikiri, akasema, “Wa shule?” Nikasema ndiyo, wa shule.

Jumapili, 16 Desemba

Hali ya hewa: mvua asubuhi, jua mchana. Watu: wote wazima.

Zuberi alinialika kula. Tuliketi mezani mimi na yeye. Ana meza sasa, imekuja na nyumba. Aziza alipakua wali na samaki wa Nyangwe. Zuberi alikuwa na maneno mengi, habari za askari wapya, habari za mpunga, hakutaka kimya kiingie. Ni mtu mwema. Niliona amenitengea kiti chenye mgongo, yeye akakaa kwenye kigoda.

Nilisikia kijiko kikikwangua sufuria kule nyuma. Niliujua mlio ule kabla sijajua kwamba ninausikiliza. Clémentine akaingia na sahani ndogo katika mikono miwili, akitembea polepole ili ukoko usianguke. Ulikuwa mzuri, wa kahawia, wa kipande kimoja. Alinipita. Aliuweka mbele ya Zuberi, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha, akarudi jikoni.

Zuberi alitazama sahani, kisha akanitazama mimi. Alijua, nilimsimulia habari ya ukoko huo usiku mmoja shuleni, tulipokuwa hatuna usingizi. Aliisukuma sahani upande wangu.

Niliirudisha. “Kula, Sajenti Meja,” nikamwambia. “Ni wa mwenye nyumba.”

Akaula. Nilikuwa nikisikia unavyovunjika kati ya meno yake, mpaka ulipokwisha.